Injini ndogo ya mvuke iliyogoma: kutoka dalili hadi chanzo

Injini ndogo ya mvuke iliyotoka kiwandani ikigoma, kuna jambo moja unalolijua bila kuuliza: kuna siku ilizunguka. Injini aliyoiunda mtu nyumbani kwake haikupi uhakika huo. Huenda ilifanya kazi miaka mingi ikachoka. Huenda ilikuwa nzima mpaka ikaangukia kwa fundi mjuaji, akaifungua na kuifunga ovyo. Na huenda, jambo linalotokea kuliko watu wanavyodhani, aliyeiunda hakuwahi kuiona ikimaliza hata mzunguko mmoja. Akaing'arisha, akaiweka rafuni, akanyamaza.

Kwa hiyo kila dalili nitakayoitaja inaweza kuwa na chanzo cha aina tatu: uchakavu, mkono wa mtu aliyepita, au kosa la kuzaliwa nalo. Kuvitofautisha ndiyo kazi yenyewe. Anayekimbilia kukereza silinda upya wakati tatizo ni skrubu iliyoteleza kwenye shafti amepoteza silinda, na skrubu bado imelegea.

Kabla hujashika spana

Piga picha kila upande. Kama shafti inazunguka, isogeze robo mzunguko upige tena. Kisha tafuta alama alizoacha mwundaji: nukta za panchi zinazooanisha kifuniko na silinda yake, namba zilizochongwa ndani, vidonda vya skrubu kwenye shafti. Hakuna mchoro wowote utakaoupata wa injini hii. Alama hizo ndizo mchoro. Usizipige tupa wala msasa hata kama zinakuudhi macho.

Angalia pia kazi isiyofanana na nyingine. Ukikuta kila kona imepigwa tupa kwa subira, halafu nati moja tu imetafunwa na koleo, hapo alipita mtu mwingine. Anzia hapo.

Kuhusu nyuzi za skrubu, nenda taratibu. Injini nyingi kuukuu zilizoundwa kwa vipimo vya Kiingereza zina nyuzi za BA (British Association, mfumo wa Kiingereza wa skrubu ndogo), na kwenye boila na mabomba utakuta nyuzi za ME (Model Engineer), 32 au 40 kwa inchi. Mtego mbaya ni 0BA. Kipenyo chake ni milimita 6 na hatua yake, yaani umbali kati ya uzi na uzi, milimita 1, sawasawa na M6 ya mfumo wa metriki, ila pembe ya nyuzi zake ni digrii 47.5 wakati ya M6 ni 60. Nati ya M6 huweza kuingia ukafurahi, kumbe inatafuna nyuzi za shaba kila unapoikaza.

Na kuna kitu cha kuogopa mapema: kamba nyeupe au ya kijivu iliyosokotwa ndani ya pakingi (kijazio cha kuzuia uvujaji), au kitambaa cha namna hiyo kilichovikwa boila. Zamani asibestosi ilitumika bila wasiwasi wowote. Usiikwangue ikiwa kavu, usiipulize kwa hewa. Ilowanishe, vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, ifunge ndani ya mifuko miwili. Ikiwa ni nyingi, mwachie mwenye kazi hiyo.

Injini peke yake, boila peke yake

Usiwashe moto bado. Injini hujaribiwa kwa hewa, boila hujaribiwa kwa maji baridi, na vyote viwili havikutani mpaka kila kimoja kimefaulu mtihani wake. Ukiviunganisha mapema dalili zinachanganyika, kwa sababu injini inayovuja na boila isiyo na nguvu zina sura moja: gurudumu linazunguka kivivu kisha linasimama.

Sababu nzito zaidi ni usalama. Maji yaliyomo kwenye boila yenye presha ya baa 3 (baa moja ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka) yana joto la nyuzi 143 za Selsiasi hivi. Boila ikipasuka, yapata asilimia 8 ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo. Kwa boila ya nusu lita tu, hizo ni lita 60 na zaidi za mvuke mbele ya uso wako, pamoja na maji yanayochemka na vipande vya shaba. Udogo wa injini usikudanganye. Na kwa sababu hiyo hiyo usijaribu boila kwa kompresa hata siku moja. Hewa iliyobanwa huhifadhi nguvu, maji baridi hayahifadhi.

Dalili: shafti haizunguki kabisa

Mara tisa kati ya kumi ni mafuta yaliyoganda. Mafuta ya zamani, hasa ya mimea, hukauka yakawa kama vanishi. Usishike gurudumu tegemeo, lile gurudumu zito la kwenye shafti, ukalizungusha kwa nguvu. Konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, hupinda kwenye injini ndogo kabla vanishi haijaachia, na pini ya krenki iliyolehemiwa hung'oka. Weka mafuta ya taa kwenye milango ya mvuke (matundu ya kuingizia na kutolea mvuke kwenye silinda) na kwenye kila bushi, acha usiku kucha, kisha pasha silinda kwa maji ya moto au kikausha nywele. Ikibaki ngumu, mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, hupenya vizuri. Unawaka haraka, basi kaa mbali na moto.

Kama silinda na pistoni vyote ni vya chuma na vimeshikwa na kutu, toa vifuniko vyote viwili na uisukume pistoni kwa kipande cha mti, kidogo huku, kidogo kule. Kipande cha chuma huacha kovu.

Ikizunguka kwa sehemu ya mzunguko halafu inakaza mahali pale pale kila mara, hayo si mafuta tena. Legeza skrubu za beringi moja baada ya nyingine, ukijaribu kila hatua. Ikiachia unapolegeza beringi fulani, shafti imepinda au beringi haziko kwenye mstari mmoja. Ikiachia unapolegeza kifuniko cha silinda, fimbo ya pistoni inasukumwa upande. Mara nyingi hili ni kosa la kuzaliwa nalo, na dawa yake ni kipande chembamba cha bati chini ya beringi. Keekee iache kabatini.

Dalili: hewa inapita moja kwa moja, gurudumu halitikisiki

Unganisha hewa kupitia kirekebisha presha, anza na nusu baa. Injini nzima yenye silinda ya milimita 15 hivi, ikiwa haina mzigo, kwa kawaida huzunguka chini ya baa 1. Kama hewa inaingia na kutoka kwenye tundu la kutolea kama filimbi isiyokatika, kuna mahali inapita njia ya mkato. Njia ni mbili tu: chini ya vali, au kando ya pistoni.

Kuna jaribio la zamani la mafundi wa treni linalotenganisha hizo mbili bila kufungua chochote. Shika gurudumu pistoni ikiwa katikati ya mwendo wake, ingiza hewa, sikiliza. Kisha lizungushe mpaka vali yenyewe iwe katikati, imefunika milango yote miwili. Hapo pistoni huwa karibu na mwisho wa mwendo. Sikiliza tena. Ikivuja mahali pote pawili, ni vali. Ikivuja pistoni ikiwa katikati tu na kunyamaza vali ikiwa katikati, ni pistoni.

Vali ya kuteleza, ile inayoteleza juu ya milango kuifungua na kuifunga, ikivuja usiipeleke kwenye msasa kabla hujaitazama inavyoshikwa. Haitakiwi kubanwa na nati yake. Inapaswa kuwa na uhuru mdogo wa kusogea kuelekea uso wa milango na kurudi, ili presha yenyewe iikandamize. Nimekuta nati zilizokazwa kwa bidii na mtu aliyedhani kila kitu kinachotikisika kimelegea. Vali inaning'inia upana wa unywele juu ya uso wake na haiwezi kushuka. Dakika mbili, imepona.

Kama iko huru na bado inavuja, paka uso wake wino wa kalamu, iteleze mara chache, tazama wino umefutika wapi. Ukifutika pembeni tu, uso umebonyea. Bandika msasa wa maji namba 600 juu ya kioo kinene, tia tone la mafuta mepesi, saga kwa umbo la namba nane, kisha malizia na namba 1000 au 1200. Usitumie ile dawa ya kusagia vali za magari kwenye shaba: chembe zake huzama ndani ya madini laini na kuendelea kusaga injini ikiwa kazini.

Kwa injini isiyo na vali, ambayo silinda yenyewe huyumba kwenye pini na kufungua matundu, kusaga ni vile vile, lakini kwanza angalia springi. Ikiwa dhaifu, silinda huinuka kutoka kwenye uso wake kila presha inapoingia. Ikiwa kali, silinda inasuguana tu. Kisha angalia pini yenyewe iwapo imesimama wima juu ya uso ule. Iliyolala kidogo upande mmoja itavuja hata ukisaga mwezi mzima.

Pistoni inayovuja huhitaji pakingi mpya, na hapo ndipo uamuzi unapokuja. Uzi wa grafaiti kwenye mfereji wake husamehe silinda isiyo duara kamili. Tefloni inavutia kwa utelezi wake, ila hutanuka kwa joto zaidi ya mara kumi ya chuma. Ukiijaza kwenye mfereji ikiwa baridi, kwenye mvuke itashika kama breki.

Dalili: hewa haipiti popote

Hii ni fupi. Bomba limeziba, au tundu. Pitisha waya laini, osha kwa mafuta ya taa. Halafu tazama gasketi. Niliwahi kukaa jioni tatu nikirekebisha vali ya injini iliyokuwa ikipumua upande mmoja tu. Jioni ya nne nikafungua kifuniko cha silinda: gasketi ya karatasi haikuwa na tundu la mvuke upande ule. Nilianza kumlaumu mwundaji, mpaka nikakumbuka kwamba gasketi ile niliikata mimi. Mkono wa mtu aliyepita wakati mwingine ni wako.

Dalili: inapiga teke mbele na nyuma, haikamilishi mzunguko

Hapa watu hurekebisha kila kitu kwa wakati mmoja na kupotea. Kwenye injini ya vali ya kuteleza kuna marekebisho mawili, kila moja na ugonjwa wake. Mahali vali inapokaa kwenye fimbo yake huamua kama ncha mbili za silinda zinapata mvuke sawasawa. Pembe ya eksentriki, kile kisahani kilichotobolewa kando ya kitovu chake ili kuisukuma vali mbele na nyuma, huamua vali iwahi au ichelewe. Huwezi kutibu kimoja kwa dawa ya kingine.

Fungua kasha la vali. Zungusha shafti polepole mzunguko mzima, ukitazama kila mlango unafunguka kiasi gani. Mmoja ukifunguka milimita 2 na mwenzake nusu milimita, eksentriki haihusiki. Sogeza vali kwenye fimbo mpaka iwe sawa pande zote. Hapo tu ndipo unaruhusiwa kugusa eksentriki.

Sasa iweke pistoni mwisho kabisa wa mwendo wake. Kuipata nukta hiyo kwa jicho ni vigumu, kwa sababu karibu na mwisho krenki huzunguka digrii kadhaa na pistoni isisogee. Chora alama kwenye fimbo ya pistoni kabla kidogo ya mwisho, na gurudumu lichore alama likiwa hapo. Pitiliza mwisho hadi fimbo irudi kwenye alama ile ile, chora gurudumu tena. Katikati ya alama mbili za gurudumu ndipo penyewe. Pistoni ikiwa hapo, vali inatakiwa iwe ndiyo kwanza inaanza kufungua mlango wa upande ule ule, ufa mwembamba kama karatasi. Ukiwa bado umefungwa, au umefunguka kupita kiasi, legeza skrubu ya eksentriki, izungushe kwenye shafti huku krenki imetulia, kaza, nenda ncha ya pili uhakikishe.

Kwa vali ya kawaida ya umbo la D, isiyo na mkono wa kugeuza mwendo kati yake na eksentriki, eksentriki hutangulia krenki kwa digrii 90 na kidogo zaidi, kuelekea upande injini inakozunguka. Kama yako iko nyuma ya krenki kwa kiasi hicho, injini haina ubovu. Inataka kwenda upande mwingine.

Kwenye silinda inayoyumba hakuna cha kurekebisha. Matundu yalitobolewa, yametobolewa. Simamisha pistoni mwisho wa mwendo na uchungulie: tundu la silinda liwe kati ya tundu la kuingizia na la kutolea bila kugusa hata moja. Likigusa yote mawili, kila likifika hapo mvuke huingia na kutoka bila kufanya kazi. Hilo ni kosa la kuzaliwa nalo, na usilitibu kwa kujaza na kutoboa upya kazi ya asili. Tengeneza bamba jipya la matundu, lifunge, na la zamani liweke kwenye bahasha pamoja na injini.

Dalili: inagonga

Zima hewa, shika gurudumu, litikise kidogo mbele na nyuma huku kidole cha mkono wa pili kikiwa juu ya kila kiungo kwa zamu. Kiungo kilicholegea utakihisi kabla ya kukisikia. Mara nyingi ni gurudumu lenyewe kwenye shafti, au bushi ya konrodi upande wa krenki. Mlio wa kugonga unaosikika mara moja tu kwa kila mzunguko, mahali pale pale, huenda ni pistoni inayogusa kifuniko. Pima nafasi pande zote mbili kabla ya kuwasha tena. Mlio unaokuja na mvuke tu, ukaisha silinda ikishapata joto, ni maji. Maji hayabanwi. Yakijaa mbele ya pistoni, kinachokubali kushindwa ni konrodi au kifuniko. Ndiyo maana injini hufunguliwa vijibomba vya kutolea maji na kuzungushwa kwa mkono mara kadhaa kabla ya kuachiwa mvuke kamili.

Boila: dalili unazotafuta ikiwa baridi

Rangi mpya juu ya boila kuukuu ni mficha maradhi; itoe. Tazama maungio. Ukoko wa kijani au mweupe kando ya mshono ni njia ambayo maji yalikuwa yakivuja. Kama boila au vifaa vyake ni vya shaba njano (mchanganyiko wa shaba na zinki), kwaruza kidogo mahali pasipoonekana: ikiwa chini ya ngozi rangi imekuwa ya waridi au nyekundu, zinki imeshatoka na kilichobaki ni sifongo ya shaba. Inaonekana nzima, inang'aa ukiisugua, na haina nguvu. Hakuna kiraka kinachoitibu.

Swali kubwa ni aina ya lehemu. Lehemu laini ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Lehemu ya fedha huhitaji nyuzi 600 na zaidi. Ukucha au ncha ya kisu hukwaruza ya kwanza kirahisi, ya pili hapana. Maji yakiwemo, boila ya baa 3 haifiki 183. Yakipungua mpaka moto ukalamba shaba tupu, mshono wa lehemu laini huachia ghafla. Msimamo wangu ni kwamba boila iliyounganishwa kwa lehemu laini pekee, ambayo historia yake siijui, inabaki pambo. Injini izungushwe kwa hewa, au iundiwe boila nyingine.

Usijaribu kuiokoa kwa kupitisha lehemu ya fedha juu ya ile laini. Risasi iliyobaki, hata kidogo, huharibu kiungo kipya na kukitoboa. Na lehemu ya fedha ya zamani mara nyingi ilikuwa na kadimiamu, ambayo moshi wake ni sumu kali. Ukilazimika kuipasha, fanya hivyo penye hewa nyingi na usiizidishie moto.

Ncha bapa za boila ndizo za kutiliwa shaka kuliko mwili wake wa duara. Ncha yenye kipenyo cha milimita 75, kwenye baa 3, husukumwa na nguvu sawa na uzito wa kilo 135. Fikiria watu wawili wamesimama juu ya kipande cha shaba kilicho sawa na kifuniko cha kikombe. Ndiyo sababu kunatakiwa fimbo za kuzishikilia kwa ndani. Chungulia kwa taa kupitia tundu la kujazia maji. Kama ncha zimebinuka nje na ndani hakuna fimbo, umeshapata jibu.

Iliyofaulu macho iende kwenye maji. Ijaze pomoni bila kubakiza hewa, ziba vali ya usalama, tumia pampu ya mkono na geji unayoiamini. Boila isiyo na rekodi ipandishe taratibu hadi mara mbili ya presha ya kazi, iache dakika kumi na zaidi. Geji isishuke, pasitoke hata tone, na ukiweka rula kwenye ncha kabla na baada, umbo liwe lile lile. Kama ulipo kuna sheria au mkaguzi wa vyombo vya presha, mpelekee. Jicho la pili kwenye boila si anasa.

Geji ya zamani usiiamini kabla ya kuilinganisha na nyingine kwenye bomba moja. Isiyorudi sifuri imeshapikwa na mvuke, pengine kwa sababu mwundaji hakuweka bomba lililokunjwa linaloshika maji kati ya geji na boila. Vali ya usalama ifungue, badilisha springi iliyoshikwa na kutu, weka gololi ya chuma kisichoshika kutu. Kisha, siku ya mvuke wa kwanza, funga njia ya injini, acha moto mkali: presha isipande zaidi ya asilimia 10 juu ya ile ya kazi. Ikipanda, tundu la vali ni dogo kwa moto huo, hata kama inapiga mluzi kwa wakati.

Dalili: kwa hewa inaruka, kwa mvuke inakufa

Hili ndilo linalovunja watu moyo, kwa sababu wanadhani wamemaliza. Kwanza, joto. Pistoni ya shaba njano ya milimita 20 ndani ya silinda ya chuma cha kusubu, joto likipanda nyuzi 120, hupoteza milimita 0.02 ya nafasi. Kama ndiyo nafasi yote iliyokuwepo, imeshika. Iache ipoe: ikizunguka tena laini, umeupata ugonjwa. Pakingi za fimbo nazo, zilizokazwa kuzuia hewa ikiwa baridi, zitabana zikipata moto. Nati zake zikazwe kwa vidole tu, halafu zirekebishwe injini ikiwa kazini.

Pili, mafuta. Mafuta ya cherehani yaliyotosha kwa hewa huoshwa na mvuke ndani ya dakika. Tumia mafuta mazito ya silinda ya mvuke, yaliyochanganywa ili yashike kwenye chuma chenye maji.

Tatu, maji kutoka boila. Kama tundu la kutolea linatema maji badala ya kupumua mvuke, na hayaishi hata injini ikiwa moto, boila inafoka. Imejazwa mno, au ndani yake kuna mabaki ya sabuni, mafuta au dawa ya kulehemia yanayotoa povu. Hutokea sana baada ya usafi. Ichemshe na kuimwaga mara mbili tatu, kisha tumia maji ya mvua au yaliyokenekwa. Kama chokaa imejaa ndani, asidi ya sitriki kidogo kwenye maji ya uvuguvugu huitoa kwenye shaba nyekundu. Vifaa vya shaba njano vitoe kwanza.

Dalili: inakwenda vizuri dakika mbili, kisha inachoka

Kama hakuna uvujaji, fanya hesabu kabla ya kulaumu chochote. Chukua silinda ya milimita 15, mwendo milimita 20, inayosukumwa pande zote mbili. Kila mzunguko hula sentimita za ujazo 7 za mvuke. Kwa mizunguko 600 kwa dakika ni lita 4.2 na zaidi kidogo, ambazo geji ikisoma baa 2 zina uzito wa gramu 7 hivi. Hiyo ni kwa karatasi. Kwa kuwa sehemu ya mvuke huganda kwenye silinda baridi, andaa mara mbili. Sasa pima boila yako: tia maji uliyoyapima, chemsha dakika kumi bomba likiwa wazi, pima yaliyobaki. Kama inatoa gramu 5 kwa dakika, hakuna marekebisho ya vali yatakayoiokoa. Boila na injini hizi hazikuundwa kwa ajili ya kila mmoja. Mtu alizifunga kwenye ubao mmoja baadaye, au mwundaji hakupiga hesabu.

Kabla ya hapo, jaribu vitu rahisi. Utambi wa jiko la spiriti uliobanwa mno haupandishi mafuta. Tundu la gesi lililoziba nusu hutoa moto wa njano, mvivu. Vika bomba la mvuke uzi mnene wa pamba. Utashangaa joto lililokuwa likipotea hapo. Na usiwashe spiriti juani, kwa sababu mwali wake hauonekani.

Dalili: inazunguka vizuri, ila kinyume

Nilipata injini ya hivi, imechongwa mshale mdogo kwenye bamba la msingi, nayo inakwenda kinyume cha mshale kwa utulivu kabisa. Nilifikiri mwundaji alikosea, au aliuchonga kwa mzaha. Nilipoivua eksentriki nikakuta kwenye shafti vidonda viwili vya skrubu: kimoja kirefu, safi, kilichotobolewa kwa keekee, kingine mkwaruzo tu. Skrubu ilikuwa kwenye mkwaruzo. Niliirudisha kwenye tundu lake, nikakaza, nikafungua hewa, na gurudumu likafuata mshale.